Mwaka Niliokataa Kusaini

Tulimzika Osmund kwao Marambo, siku ya Jumanne, saa nane mchana. Baada ya mazishi nilikwenda nyuma ya nyumba kuwasaidia akina mama kupakua wali, na hapo ndipo dada yake, Aurelia, aliponikuta. Hatukuwahi kuonana kabla. Alisimama ng'ambo ya sufuria, akanitazama tangu kichwani hadi miguuni, akasema bila kupunguza sauti, "Kumbe wewe ndiye Somoe. Wewe ndiye uliyemponza kaka yangu akafukuzwa kazi." Akina mama wakaacha kupakua. Ningeweza kuinamisha macho nikanyamaza, maana msiba ni msiba. Badala yake nilimwambia, "Ndiyo, ni mimi. Na siku ile ikirudi kesho, nitafanya vilevile." Akageuka, akaenda zake. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami akaninong'oneza kwamba majibu mengine hungoja matanga yaanuliwe. Labda. Nimevuka arobaini sasa, na kungoja sijajifunza. Lakini tangu siku hiyo sauti ya Aurelia hainitoki masikioni, na nimeona niuandike mwaka ule kama ulivyokuwa, asije mtu mwingine akanisimulia mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa vyombo vya kupimia: presha, joto, kina cha maji. Kiwanda cha kubangua korosho kilikuwa kinajengwa nje kidogo ya mji wa Ruangwa, na wenye kiwanda ndio walioniajiri. Kuta zilikuwa zinapanda Ruangwa, lakini makabati ya umeme na vifaa vyote vya kuongozea mitambo vilikuwa vinaundwa Nachingwea na wakandarasi, kwenye ghala kuukuu la mabati walilolikodi kwa sababu lilikuwa kavu na lina umeme wa uhakika. Utaratibu wa kazi yetu ni kwamba mtambo haupakiwi kwenye lori kabla haujajaribiwa palepale ulipoundwa, mnunuzi akiuangalia kwa macho yake. Kosa ukilikuta ghalani unalirekebisha kwa bisibisi. Ukilikuta kiwandani, boila linachemka na watu wako kazini, huenda ukalirekebisha kwa sanda. Mnunuzi akiridhika, mtu wake anatia saini, mtambo unaondoka. Mwaka ule mtu wake nilikuwa mimi.

Nilipanga chumba kwa Bi. Hadija, mama wa makamo aliyekuwa na nyumba ya vyumba vinne, si mbali na soko la Nachingwea. Chumba changu kilikuwa na kitanda, ndoo, na dirisha lililotazama jiko la uani. Nyumba haikuwa na dari, kwa hiyo mtu akikohoa chumba cha mbele, wa nyuma anampa pole. Siku ya kwanza nilimweleza Bi. Hadija kwamba nimekuja kujaribu basi. Akaniuliza ni la kwenda Masasi au la Dar. Nilicheka, nikamfafanulia kwa vijiti vya kuni pale jikoni. Zamani kila kipimo kilivutiwa waya wake peke yake hadi chumba cha kuongozea mitambo. Katika mtambo wetu vipimo kumi vilining'inia kwenye kebo moja ya nyaya mbili, na kila kimoja kilitaja jina lake na namba yake kwa zamu, kama wanafunzi wanavyoitika mahudhurio. Mafundi tuliiita basi kwa sababu wote wamepanda humo. Bi. Hadija aliendelea kusonga ugali wake wa muhogo, kisha akauliza, "Sasa huyo mmoja akiwa mtoro, mwalimu anajuaje?" Nilimwambia hilo ndilo hasa nililokuja kulipima. Nimekaa na wahandisi wengi tangu hapo, na wachache wameuliza swali zuri kuliko lile.

Osmund ndiye aliyefunga nyaya zote za ghala lile. Alikuwa fundi wa wakandarasi, mrefu, mtaratibu, mwenye mikono ambayo haikutetemeka hata kidogo. Kabati alilolifunga yeye ulitamani kuliacha wazi watu walione. Nyaya zimelala pamoja kama nywele zilizosukwa, kila moja na kibandiko chake. Mchana tulikula pamoja kwenye kivuli cha ghala. Yeye alileta ming'oko, mizizi ya porini, ya kuchemsha kwenye mfuko, mimi nilileta kisamvu cha Bi. Hadija kwenye bakuli, tukachanganya. Alizungumza kidogo, na zaidi kuhusu shamba lake la ufuta kule Marambo. Msimamizi wake, Bwana Titus, alikula ndani, mezani, mbele ya feni. Bwana Titus naye alikuwa amepanga kwa Bi. Hadija, chumba cha mbele, na sikumchukia tangu mwanzo. Alikuwa mchangamfu, alinisalimia kila asubuhi, na aliniita binti yangu ingawa hakunizidi hata miaka kumi na mitano.

Majaribio yalianza vizuri. Tulikuwa na vipimo sitini kwenye kebo sita, na Bwana Titus alipendekeza tujaribu kumi tu, sampuli, tukiridhika tuamini vilivyobaki. Nilikataa, akacheka, akasema vijana wa siku hizi wana bidii. Siku nne Osmund na mimi tulipita kipimo kwa kipimo. Yeye anasukuma pampu ya mkono, mimi natazama skrini, napaza sauti, naandika. Siku ya tano tulifika kwenye kipimo cha presha ya mvuke. Korosho hupikwa kwa mvuke kabla hazijabanguliwa, na mitungi ya kupikia ingesimama hatua chache kutoka kwenye meza za wabanguaji. Mvuke ukizidi, vali inatakiwa ijifunge yenyewe, na vali hujifunga kwa kuiamini namba inayoletwa na kipimo. Osmund alipandisha presha hadi sita. Skrini ikaandika sita. Bwana Titus, aliyekuwa amesimama nyuma yetu, akasema, "Safi, weka tiki." Mimi nikaenda kwenye meza ya vipimo, nikafungua kiunganishi, nikakichomoa kile kipimo kabisa, nikarudi nacho mkononi mbele ya skrini.

Skrini iliandika sita.

Nilikuwa nimekishika. Waya wake unaning'inia kwenye kiganja changu, hakijaungwa na chochote duniani, na skrini inaniambia kwa rangi ya kijani kwamba presha ni sita na mambo ni shwari. Tulingoja dakika nzima, ikabaki sita. Vali ya mvuke, iliyofungwa kwenye fremu pembeni, ilibaki wazi kama ilivyokuwa. Nikachukua kipande cha waya, nikagusanisha nyaya mbili pale nilipochomoa, jambo ambalo panya, maji au sururu hufanya bila kuomba ruhusa. Vipimo vyote kumi vya kebo ile vikanyamaza, na namba zote kumi zikaganda kwenye skrini, za kijani, kama picha. "Mtoro ameitikiwa," nilisema, lakini Osmund hakuwa amesikia hadithi ya Bi. Hadija, akaniangalia tu.

"Hilo halimo kwenye orodha ya leo," Bwana Titus alisema.

"Limo kwenye mkataba. Kipimo kikikatika, skrini ionyeshe nyekundu na vali ifunge. Na kimoja kikipata shoti, vingine tisa viendelee."

"Binti yangu, boila lina vali yake ya usalama ya chuma. Hata skrini yote ikizima, haliwezi kulipuka."

"Ile ni ya mwisho kabisa. Huwezi kumpa mtu gari lisilo na breki ukamwambia asihofu, kuna mti mbele utamsimamisha."

Hakucheka tena. Mchana ule Osmund alikula peke yake, upande wa pili wa ghala. Nilipomfuata alisema, bila kuniangalia, "Umenidhalilisha mbele ya bosi wangu." Nikamwambia nyaya zake hazina kosa, kosa liko kwenye programu na kwenye yale masanduku madogo ya kugawia kebo, mchoro unataka masanduku yenye kinga ya shoti, yaliyofungwa ni ya kawaida. Akasema, "Nafunga ninacholetewa." Akaninyooshea mfuko wa ming'oko ili nichukue, kisha akaondoka. Nakumbuka nilikula huku nimekasirika, na ilikuwa mitamu.

Asubuhi iliyofuata, kabla jua halijachomoza vizuri, nilimsikia Bwana Titus kupitia juu ya ukuta akizungumza kwenye simu. "Atasaini tu," alisema. "Ni binti wa juzi. Mkamwambie Injinia wake amkumbushe nani anamlipa." Nilikaa kitandani nikiwa nimeshika mswaki. Mpaka leo watu wakiniuliza ni nani aliyenifundisha ukaidi, huwa nasema nilizaliwa nao. Si kweli. Nilikuwa na woga tele asubuhi ile. Ni yale maneno, binti wa juzi, ndiyo yaliyounyanyua mgongo wangu. Uani, Bi. Hadija alikuwa amewasha moto. Yeye naye alikuwa amesikia kila kitu. Nyumba ilikuwa yake. Alinimiminia chai, akanisogezea kiporo cha mbaazi, akasema, "Kula ushibe. Mtu mwenye njaa husaini upesi."

Injinia Gervas, mkuu wangu, alikuja kutoka Ruangwa siku hiyohiyo, gari limejaa vumbi jekundu hadi kwenye vioo. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alinikalisha kwenye ofisi ndogo ya ghala, akanieleza kwamba msimu wa korosho unakaribia, mgeni rasmi ameshaalikwa kufungua kiwanda, na wakandarasi wameahidi kurekebisha kila kitu mtambo ukishafika Ruangwa. Akanisukumia fomu. "Somoe, wewe ni fundi, si hakimu."

"Basi atafutwe hakimu asaini, Injinia."

"Unajua maana ya unachokifanya?"

"Najua. Ukitaka nikuonyeshe, skrini iko pale, na kipimo ninacho."

Hakutaka kuonyeshwa. Nafikiri alijua kwamba akiona hataweza tena kuniomba. Nikachukua ile fomu, na kwenye nafasi ya saini nikaandika kwa herufi kubwa HAIJAPITA, nikaeleza sababu kwa mistari mitatu, nikatia jina langu. Siku mbili baadaye nilihamishiwa Ruangwa kusimamia uchimbaji wa mitaro ya mabomba. Hapakuwa na barua ya adhabu. Walinipa tu kofia ngumu, wakanielekeza kwenye jua.

Nilisimama kwenye mitaro ile wiki saba. Habari zilifika mjini kabla yangu, kama kawaida, na zilifika zimepinda. Pale sokoni mama mmoja kutoka Chunyu, aliyekuwa ameandikishwa kwa kazi ya ubanguaji, aliweka chini beseni lake la nyanya akanikabili. "Ni wewe unayezuia kiwanda kisifunguliwe? Sisi tuna watoto, mwanangu." Nilimjibu kwa ukali kwamba nazuia asiungue. Akasema, "Njaa nayo inaunguza." Nilinunua nyanya zake, nikaenda zangu nikiwa na hasira na yeye, na Bwana Titus, na mimi mwenyewe. Wapo wanaosimulia msimamo wao kana kwamba watu waliwashangilia. Mimi hakuna aliyenishangilia. Nilioga, nikalala, nikaamka, nikarudi kwenye mtaro.

Kisha nikasikia kutoka kwa dereva wa kampuni kwamba mkaguzi anakuja Nachingwea kutoka Dar, mhandisi mwanamke aitwaye Paulina, na kwamba kesho yake angerudia jaribio na kusaini badala yangu. Hakuna aliyeniita. Nilimwomba ruhusa mkubwa wa mitaro, akaninyima, nikaondoka. Nilikodi pikipiki alfajiri nikashuka mbele ya ghala saa tatu, kichwa na nguo rangi moja na barabara. Bwana Titus alikuwa mlangoni. "Wewe hauko kwenye orodha ya leo," alisema. Nikampita. Sijui kama angenishika mkono. Nilitembea kama mtu ambaye hashikiki, na mara nyingine hilo hutosha.

Ndani, Injinia Paulina alikuwa ameshafika kwenye kipimo cha presha ya mvuke. Walimchomolea, na skrini ikawa nyekundu mara moja, na vali ikafunga kwa mlio mzito. Bwana Titus, aliyenifuata nyuma, akasema kwa upole kwamba, kama mama alivyoona, kilichotokea siku ile ni kiunganishi kulegea kwa sababu ya kushikwa vibaya. Injinia Gervas alikuwepo; alitazama sakafu. Nikajitambulisha, nikaomba kichomolewe kingine chochote, mama achague mwenyewe. Bwana Titus akasema muda hauruhusu, lori limeshakuja. Injinia Paulina alimgeukia Osmund, aliyekuwa amesimama karibu na kabati na kitambaa chake mkononi.

"Fundi, wewe ndiye uliyefunga haya makabati?"

"Ndiyo, mama."

"Kazi nzuri sana. Sasa niambie. Nikichomoa chochote kati ya hivi vipimo sitini, kitaonyesha nyekundu?"

Osmund alijifuta vidole, kimoja kimoja. Nilitaka kumsaidia kusema na nilitaka kumziba mdomo, yote mawili kwa pamoja, maana nilijua ana watoto wanne na mama mzee. Bwana Titus akaita jina lake, taratibu, kama mtu anayemwamsha mwenzake. Osmund akasema, "Hapana, mama. Hicho ni kimoja tu, tulikirekebisha juzi kwa ajili ya leo. Vingine vyote vitaganda. Na masanduku ya kugawia si yale yaliyochorwa." Halafu akaongeza, na hapo sauti yake ndiyo ilipotikisika, "Huyu dada alishika vizuri. Kiunganishi hakikulegea. Viunganishi vyangu havilegei."

Hakula chakula cha mchana pale. Saa sita alikuwa ameshakabidhi zana zake na kuambiwa asirudi. Nilimwona akitoka getini na mfuko wake, sikukimbia kumfuata, kwa sababu Injinia Paulina alikuwa ameniita tuchomoe vipimo vingine, na tulivichomoa, na viliganda, kimoja baada ya kingine. Lori liliondoka tupu.

Nilikwenda Marambo Jumapili iliyofuata. Nilimkuta shambani akifunga miganda ya ufuta, nikasimama mwisho wa mstari nikaanza maneno niliyoyapanga njia nzima. Nilisema naomba radhi. Aliweka mganda chini. Sikuwahi kumwona amekasirika vile, hata siku ile ghalani. "Radhi ya nini, Somoe? Ukiniomba radhi maana yake nimekosea. Mimi nimekosea?" Nikasema hapana. "Basi usirudie. Usiniombe wewe, wala usimruhusu mtu akuambie uniombe. Nimepoteza kazi, sikupoteza akili." Tukafunga ufuta mpaka jua likawa kali. Mkewe alituletea uji na njugu mawe, akanipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Ndiyo maana sikuinamisha macho mbele ya Aurelia. Nilimwomba baadaye Injinia Gervas amwajiri Osmund kiwandani kwetu. Nilimwomba mara tatu, kwa maandishi mara moja. Walisema mtu aliyemgeuka mwajiri wake atamgeuka na mwingine. Hilo lilinishinda. Osmund alifungua karakana ya mota za mashine za kusaga Nachingwea, na maisha yake yakaenda, mengine vizuri, mengine vibaya, kama ya kila mtu. Lakini sitasema kwamba alifidiwa. Hakufidiwa.

Msimu ulifunguliwa bila kiwanda. Mgeni rasmi alikwenda kufungua kitu kingine kwingine. Wakandarasi walileta masanduku yanayotakiwa na mtu mpya wa programu, na miezi mitatu baadaye nikarudishwa Nachingwea, chumba kilekile kwa Bi. Hadija. Bwana Titus alikuwa bado yupo chumba cha mbele, na bado alinisalimia kila asubuhi, ila sasa aliniita fundi. Hakuna aliyetaja sampuli. Tulijaribu vipimo vyote sitini kwa siku tatu, kila kimoja kuchomolewa, kila kimoja kupigwa shoti. Kila mara namba iligeuka nyekundu, vingine tisa viliendelea kuitika, na vali ikajifunga kwa mlio uleule mzito uliokuwa ukinitikisa nyayo. Injinia Gervas alikaa siku zote tatu kwenye kiti cha plastiki, akaangalia kila kimoja. Siku ya tatu jioni alinipa fomu na kalamu yake.

Nilisaini. Chini ya saini kulikuwa na nafasi ya maoni, ambayo kwa kawaida huachwa wazi. Niliandika kwamba makosa ya jaribio la kwanza yalithibitishwa kwa ukweli wa fundi Osmund, nikaandika jina lake lote, na kwamba nyaya zote za mtambo huu ni kazi ya mikono yake. Injinia Gervas alisoma juu ya bega langu. Akasema hayo si mambo ya kiufundi, na fomu itakwenda kwa wenye kiwanda, na ni afadhali nichukue fomu nyingine safi niandike upya. Bwana Titus naye alikuwa amesogea, akasoma.

"Injinia," nilisema, "mtambo umepita. Ukitaka fomu nyingine, mtafute mwingine wa kuisaini."

Nje lori lilikuwa limeshawashwa. Injinia aliipokea ile fomu, akaikunja mara moja, akaiweka kwenye faili la mtambo. Ipo humo mpaka leo, maoni na yote. Nami ndiye ninayetunza ufunguo wa kabati la mafaili.